Mashine Isiponasa Kitu, Je, Ardhi Haikutetemeka?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa nyumba ya nyanya yangu ulizua ubishi. Yeye alidai umeletwa na baruti za timbo lililo jirani. Watu wa timbo wakaleta kipima mitetemo, wakalipua, kisha wakatuambia eti mashine haikunasa chochote. Na vikombe vilikuwa vimelia kabatini!

Nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Kumbe mashine hiyo hairekodi saa zote. Husikiliza tu, na huanza kurekodi mtetemo unapofika kiwango ilichowekewa. Kiwango hicho tukiite kizingiti. Watu wale walikuwa wamekiweka milimita 10 kwa sekunde. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa mahali unakotoka, ndiyo milimita 5. Basi mtetemo wa 7 ungevunja sheria na usiache hata alama!

Hebu tuone jinsi ya kuitega vizuri.

Kwanza, kihisi. Kipandwe kwenye udongo mgumu karibu na nyumba, upande wa timbo. Miiba yake ya chuma izame yote na mshale uelekee timbo. Hupima pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kikilegea kitadanganya.

Pili, kizingiti. Kiwe chini sana ya kiwango cha sheria, kwa mfano 1. Lakini ukikishusha mno, hata nyayo za mbuzi zitarekodiwa, na nafasi ijae kabla baruti haijalipuka.

Tatu, akiba. Mashine hutunza robo sekunde iliyotangulia. Bila akiba hiyo ni kama mwanafunzi anayeanza kuandika imla mwalimu akiwa neno la tatu: mwanzo umempita.

Nne, muda. Chukua muda wa mlipuko, ongeza sekunde 2, tena sekunde 1 kwa kila mita 335, kwa kuwa mshindo wa hewani huja polepole kuliko mtetemo wa ardhini. Kwetu ni mita 670 na mlipuko wa sekunde 1, kwa hivyo 1 + 2 + 2 = sekunde 5.

Mwisho, piga ardhi kwa mguu kando ya kihisi. Isiponasa, usiondoke, kuna kosa.

Tuliomba wapime upya kwa kizingiti cha 1. Safari hii ilinasa 3.4. Nyanya hakufurahi, maana 3.4 iko chini ya 5, na ufa bado ni wake. Lakini aliniambia, "Mjukuu wangu, afadhali sasa wamekubali kwamba ardhi ilitetemeka."

Wenzangu, mkiambiwa hakuna kilichonaswa, ulizeni kwanza: kizingiti kilikuwa ngapi?