Upepo wa Mgongoni: Mwili wa Mwendesha Baiskeli kutoka Holili hadi Kisiwa cha Pemba

Malengo ya somo

Baada ya kuisoma makala hii, msomaji ataweza:
1. kueleza jinsi mwili unavyojipoza wakati wa kuendesha baiskeli;
2. kueleza kwa nini joto la kisiwani humdhuru hata mtu aliyezoea jua la bara;
3. kupanga siku za mwanzo za safari kwa kufuata uwezo wa mwili;
4. kutambua kiharusi cha joto na kutoa huduma ya kwanza.

Utangulizi

Holili, mji wa mpakani unaotazamana na Taveta ya Kenya, umo katika ukanda mkavu chini ya miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Baiskeli hapo ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha matembezi. Kijana aliyekua akibeba madumu na magunia juu ya keria huwa na miguu imara na pumzi ndefu. Anaposikia sifa za Pemba, kisiwa ambacho Waarabu walikiita al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, huona kwamba safari ya huko haimshindi. Njia inafahamika: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza hadi Tanga, kisha bahari. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67 hivi, na vilima vyake vya mikarafuu, ingawa ni vingi, si virefu.

Kwa hesabu ya kilomita, kijana huyo hakosei. Hesabu inayoweza kumponza ni ya joto.

Joto hutoka wapi?

Misuli ya binadamu ni mtambo wenye hasara kubwa. Kati ya nishati yote inayotumika, ni robo tu au pungufu ya hapo inayofika kwenye pedeli. Sehemu inayobaki hugeuka joto ndani ya mwili. Mwendeshaji anayesukuma pedeli kwa nguvu ya wati 100, mwendo wa kawaida wa safari, huzalisha takriban wati 400 za joto. Joto hilo lisipotolewa, nyuzijoto za mwili hupanda kwa muda mfupi, hata kama jua limefunikwa na mawingu.

Hewa inayozunguka mwili ikiwa na joto linalokaribia lile la ngozi, njia kuu ya kupoza mwili ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka; hupoza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho inapokauka yote huondoa takriban kilojuli 2,400 za joto. Kwa hiyo, ili kuondoa wati 400, mwendeshaji anahitaji jasho la lita 0.6 likauke kila saa. Nusu ya jasho ikidondoka chini bila kukauka, mwili utalazimika kutoa lita 1.2 ili kupata upoaji ule ule. Hiyo nusu iliyodondoka ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Ukavu wa Holili na unyevu wa Pemba

Katika hewa kavu ya Holili jasho hukauka upesi kiasi kwamba mwendeshaji huenda asilione. Huhisi kiu, huona mstari mweupe wa chumvi kwenye shati, lakini mwili wake unapoa. Pwani hali ni tofauti. Hewa imekwisha kubeba mvuke mwingi wa bahari, na ina nafasi ndogo ya kupokea mvuke mwingine. Jasho hububujika, shati hulowa, matone huanguka juu ya usukani, na msafiri hudhani kwamba mwili wake unafanya kazi vizuri. Shati lililolowa chapachapa si dalili ya kupoa. Mara nyingi ni dalili kwamba jasho limeshindwa kukauka.

Hii ndiyo sababu ya mtu aliyeshinda juani Same au Mwanga bila tatizo kuzidiwa Pemba kwenye kipimajoto kinachosoma nyuzi chache pungufu.

Upepo wa mgongoni

Baiskeli humpa mwendeshaji wake upepo, na upepo huo huondoa mvuke juu ya ngozi na kuharakisha ukaukaji wa jasho. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa katika hewa tulivu hupata upepo wa kasi hiyo hiyo usoni. Hata hivyo, upepo huo humtoweka katika hali tatu.

Hali ya kwanza ni kupanda kilima. Miguu hufanya kazi kubwa zaidi, joto huongezeka, huku mwendo ukishuka hadi kilomita sita au saba kwa saa. Hali ya pili ni kusimama ghafla baada ya kazi nzito: upepo hukatika papo hapo, ilhali joto lililomo mwilini bado halijatoka.

Hali ya tatu ndiyo inayowadanganya wengi. Barabara ya Pemba kutoka Mkoani kupitia Chake Chake kuelekea Wete au Konde huenda kaskazini. Majira ya kipupwe, ambayo wageni wengi huyachagua kwa sababu hayana joto kali, ndiyo majira ya upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini. Msafiri anayekwenda kaskazini huusifu kwa kuwa unamsukuma. Lakini kusi likivuma kwa kilomita 20 kwa saa naye akienda kwa kasi hiyo hiyo, hewa inayoizunguka ngozi yake ni kama imesimama. Miguu hufurahi, mwili unaungua. Atakaporudi kusini, upepo utampiga kifuani, naye atalalamika kwa kuchoka, ingawa mwili wake utakuwa unapoa vizuri zaidi kuliko alipokuwa akienda.

Funzo lake ni hili: sehemu ya njia yenye upepo wa mgongoni, na yenye vilima, iendeshwe asubuhi na mapema, kuanzia saa 12 hadi saa 4. Sehemu yenye upepo wa usoni inaweza kuachwa kwa jioni, baada ya saa 10. Saa za katikati ni za kivulini.

Siku 14 za mwili

Mwili hujifunza joto. Kwa muda wa siku 7 hadi 14 za mazoezi katika joto, maji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hupungua kwa kazi ile ile, jasho huanza kutoka mapema zaidi, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Mabadiliko haya hayanunuliwi dukani wala hayaharakishwi kwa ujasiri. Tena hayadumu: mtu akiondoka kwenye joto, hupotea katika muda wa wiki chache.

Anayeshuka kwa baiskeli kutoka Holili hadi Tanga hujizoesha njiani, japo joto kavu humwandaa kwa sehemu tu. Anayeshuka kwa basi na meli hufika Mkoani akiwa na mwili wa Holili. Huyo aendeshe saa moja hadi saa moja na nusu kwa siku mbili au tatu za mwanzo, kisha aongeze kidogo kidogo. Siku ya kwanza si siku ya kuvuka kisiwa.

Maji, chumvi na madafu

Kanuni iliyo salama kwa wasafiri wengi ni kunywa kwa kufuata kiu, na kubeba maji ya kutosha ili kiu isikose jibu. Mwenye mizani ajipime kabla na baada ya kuendesha: kilo moja iliyopungua ni sawa na lita moja ya maji. Mtu wa kilo 60 aliyepungua zaidi ya kilo 1.2 amepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na uwezo wake wa kazi huanza kushuka. Aliyeongezeka uzito amekunywa kupita kiasi. Maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu, nayo huleta kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa na hata degedege.

Madafu ni kinywaji kizuri na yanapatikana Pemba nzima, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hupoteza zaidi sodiamu. Kwa hiyo, madafu yaambatane na chakula chenye chumvi. Kwa safari ya saa nyingi, pakiti ya ORS iliyochanganywa katika lita moja ya maji safi hufaa.

Kutambua kiharusi cha joto

Uchovu wa joto huleta kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu na jasho jingi, lakini mgonjwa hubaki na akili zake. Apumzike kivulini, apozwe na anywe. Kiharusi cha joto ni jambo jingine: nyuzijoto za ndani ya mwili hupita 40, na ubongo huvurugika. Mgonjwa huongea ovyo, huyumba, hugomba bila sababu, huanguka au hupoteza fahamu. Ngozi yake yaweza kuwa bado imelowa jasho. Wanaosubiri ngozi ikauke husubiri kifo. Kipimajoto cha kwapani nacho chaweza kusoma chini ya hali halisi, hivyo kisitumiwe kumtangaza mgonjwa kuwa salama.

Huduma ya kwanza:
1. Mlaze kivulini na umvue nguo za ziada.
2. Mpoze mara moja. Ikiwa kuna pipa au beseni kubwa, mtumbukize hadi shingoni huku mtu akikishika kichwa chake. Kama halipo, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma, huku ukimpepea kwa nguvu.
3. Usimnyweshe kitu ikiwa amechanganyikiwa. Aliyezimia alazwe ubavu.
4. Usimpe parasetamoli wala aspirini. Joto hili si homa, na dawa hizo hazilishushi, zaweza kudhuru.
5. Mpeleke hospitali, iwe ya Mkoani, Chake Chake au Wete, na uendelee kumpoza njiani. Huko apimwe pia malaria, kwa kuwa malaria kali nayo huvuruga akili.

Wapo wanaoogopa kwamba maji baridi yatamshtua mgonjwa mwenye joto. Hofu hiyo isiwacheleweshe. Lengo ni kushusha joto ndani ya nusu saa; kupoza hutangulia, usafiri hufuata.

Wanaopaswa kuahirisha safari au kumwona daktari kwanza

Hao ni aliyeugua malaria, homa au kuhara siku za karibuni. Mwenye ugonjwa wa selimundu, kwa kuwa upungufu wa maji na kazi nzito huweza kumletea maumivu makali. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo.

Hitimisho

Pemba haihitaji miguu yenye nguvu kuliko ile ya Holili. Inahitaji msafiri anayekubali kwamba mwili wake ni mgeni hata kama miguu ni mwenyeji wa baiskeli. Akiupa siku zake na saa zake, na akiujua upepo unaompendeza bila kumpoza, atakiona kisiwa chote na kurudi nyumbani salama.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini shati lililolowa si uthibitisho kwamba mwili unapoa?
2. Msafiri anatoka Chake Chake kwenda Konde wakati wa kusi. Aondoke saa ngapi, na kwa nini?
3. Mwenzako ameanguka kilimani, anaongea ovyo na anatoka jasho. Utafanya nini kwanza?