Noeli Nyumbani: Mila za Kale na Mila Mpya



Kila mara Majilio yanapoingia, mazungumzo katika nyumba nyingi huwa ni yale yale: nani atasafiri na nani atabaki, mbuzi atanunuliwa na nani, watoto watashonewa nguo gani. Mazungumzo hayo si mabaya, kwani sikukuu isiyoandaliwa hupita kama mgeni asiyepikiwa. Lakini chini ya maswali hayo liko swali jingine ambalo wazazi wengi hulikwepa: watoto wetu, watakapokuwa nao wazazi, watakumbuka nini juu ya Noeli ya nyumbani kwao? Je, watakumbuka sala, wazee na upatanisho, au watakumbuka nguo, soda na kelele za muziki tu? Somo letu la juma hili lahusu jambo hilo.

Vazi la nchi za baridi

Yafaa kwanza tutenganishe sikukuu yenyewe na vazi lililovishwa. Injili hazitaji tarehe aliyozaliwa Bwana wetu, wala hazisemi kama yalikuwa majira ya baridi au ya joto. Miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa tarehe 25 Desemba ni kalenda ya Roma iliyohifadhiwa katika kitabu cha mwaka 354. Wakristo wengi wa Mashariki walishika tarehe 6 Januari, na Kanisa la Armenia laishika mpaka leo.

Katika nchi za kaskazini, siku za karibu na tarehe 21 Desemba ndizo zenye usiku mrefu kuliko zote za mwaka. Baada yake mwanga huanza tena kuongezeka. Wakristo wa huko waliona katika jambo hilo mfano wa Kristo aliye Mwanga wa ulimwengu. Ndiyo maana mila zao za Noeli zimejaa mishumaa, moto wa kuota na mti usiopukutisha majani. Mti huo wenyewe si wa kale sana: yako maandishi ya mwaka 1605 yanayoeleza jinsi watu wa Strasbourg walivyosimamisha miti vyumbani mwao na kuipamba kwa waridi za karatasi na matufaha. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wa namna hiyo, na tangu hapo desturi hiyo ikaenea upesi katika nchi nyingine.

Kwetu Desemba ni mwezi wa jua kali, wa upepo wa kaskazi pwani, na wa maembe yaliyoiva. Tukibandika pamba juu ya mti iwe mfano wa theluji, hatutendi dhambi. Lakini mtoto apaswa kujua kwamba theluji hiyo ni ya Ulaya, si ya Injili. Tena mtoto wa Kilema huiona theluji kileleni Kibo bila kungoja Noeli.

Vivyo hivyo mzee mwenye ndevu nyeupe na koti zito. Nyuma yake yuko Mtakatifu Nikolao, Askofu wa Mira katika nchi iitwayo leo Uturuki, aliyeishi karne ya nne, na ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Mapokeo yasimulia kwamba alimwokoa baba mmoja fukara aliyekuwa na binti watatu, kwa kuwatupia dhahabu ya mahari usiku, pasipo kujulikana. Wazazi wanaotaka kutunza desturi ya zawadi, basi na watunze kiini chake: kumpa mwenye haja, na kumpa kwa siri.

Kanuni ya Mtakatifu Gregori

Je, tukubali kila mila iliyokuja na meli, au tuikatae yote? Na mila za babu zetu, tuzitupe au tuzishike? Swali hili si geni katika Kanisa. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Melito, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza kumsaidia Mtakatifu Agostino. Watu wa huko walikuwa wakichinja ng'ombe kwa ajili ya miungu yao. Papa aliagiza kwamba sanamu ziharibiwe, bali nyumba zilizo imara zitakaswe na kutumiwa kwa ibada ya Mungu wa kweli. Tena watu waruhusiwe kujenga vibanda vya matawi kando ya makanisa na kula karamu pamoja siku za sikukuu, wakichinja si tena kwa sadaka ya mashetani, bali kwa chakula chao na kwa kumshukuru Mungu.

Ikiwa kanuni hiyo ilitumika kwa Waingereza, basi yatufaa na sisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha jambo la namna hiyo: kwamba Kanisa halitaki kulazimisha mtindo mmoja tu mahali pasipohusu imani wala mema ya jumuiya nzima, na kwamba hupima kwa wema yale mazuri ya desturi za watu yasiyofungamana na ushirikina. Hivyo swali la kuuliza si "Mila hii imetoka wapi?" bali "Mila hii yatuelekeza wapi?"

Mila mpya zinazofaa kukaribishwa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziko mila ngeni ambazo zikiingia nyumbani huponya kweli.

Ya kwanza ni pango la Noeli. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza liletwe hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda, na Misa Takatifu ikaadhimishwa hapo mbele ya watu wa kijiji. Alitaka waone kwa macho yao umaskini wa Mtoto wa Bethlehemu. Angalieni kwamba Fransisko hakununua kitu cha anasa; alitumia nyasi na wanyama waliokuwapo. Basi pango la nyumbani kwetu na lijengwe na watoto wenyewe, kwa udongo wa mfinyanzi, makuti, magome ya migomba au mabua ya mahindi. Mtoto aliyefinyanga mchungaji kwa mikono yake hatamsahau.

Ya pili ni shada la Majilio. Asili yake ni Hamburg, mwaka 1839, katika nyumba ya kulelea watoto maskini iliyoongozwa na Mlutheri Johann Hinrich Wichern. Wasimulia kwamba watoto walimchosha kwa kumwuliza kila siku kama Noeli imefika. Naye akachukua gurudumu, akalipanga mishumaa midogo kwa siku za juma na mikubwa minne kwa siku za Dominika, ili wahesabu wenyewe. Wakatoliki wakaipokea desturi hiyo baadaye. Nyumbani yatosha mishumaa minne. Kila Dominika uwashwe mmoja zaidi, na sala fupi isaliwe na jamaa yote.

Ya tatu yatoka Meksiko. Kwa jioni tisa, tangu tarehe 16 hata 24 Desemba, watu huenda nyumba kwa nyumba wakiigiza Yosefu na Maria wanaotafuta mahali pa kulala. Hukataliwa mlangoni, kisha mwishowe hukaribishwa. Sisi tunazo jumuiya ndogondogo ambazo tayari hukutana katika nyumba za waamini. Ni rahisi kwao kusali novena hiyo, na jioni moja kati ya hizo tisa wakaenda kwa mgonjwa au mjane asiyetembelewa na mtu.

Mbachao usiachwe

Lakini wahenga hao hao walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Tutazame mfano mmoja, wa Wachaga wa Kilimanjaro.

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa watu wanaorudi kwao. Wengine hucheka safari hiyo, wakidhani ni majivuno tu. Majivuno yapo, hatukatai. Lakini mzizi wake ni kihamba, shamba la migomba na kahawa ambamo wazee wanaishi na ambamo marehemu wa ukoo wamezikwa. Arudiye kihambani huwaona waliomlea, huwaonyesha wajukuu, na husimama kaburini. Nyama ya mbuzi aliyechinjwa haigawiwi ovyo. Kila mtu ana sehemu yake kwa kadiri ya umri na udugu, na kwa njia hiyo mtoto hujifunza nani ni baba mkubwa, nani ni shangazi, bila kufundishwa kwa kitabu.

Tena liko jani la masale. Mmea huo hupandwa mipakani mwa vihamba na makaburini. Aliyemkosea ndugu yake huchukua jani la masale na kumpelekea kuomba msamaha. Na mila yasema kwamba si vema kulikataa. Tazameni hekima ya wazee: mmea ule ule unaoonyesha mpaka, ambao mara nyingi ndio chanzo cha ugomvi wa ndugu, ndio unaomaliza ugomvi. Ndugu wangapi huketi meza moja siku ya Noeli wakila wali na nyama, huku kesi ya shamba la marehemu baba yao ingali mahakamani? Jamaa itakayofanya upatanisho kabla ya kuchinja, kila mmoja akiungama kwanza kwa padre, kisha akimwendea nduguye na jani mkononi, itakuwa imeitii Injili, inayotutaka tupatane na ndugu kabla ya kutoa sadaka altareni.

Nasi tusio Wachaga, tuwaulize wazee wetu. Karibu kila kabila lina ishara yake ya amani na utaratibu wake wa kugawana chakula. Pwani iko desturi njema ya kupelekeana sahani: Mkristo humpelekea jirani yake Mwislamu pilau siku ya Noeli, naye hupelekewa siku ya Idi. Desturi hiyo isife kwa sababu tumejenga kuta ndefu.

Yapasayo kuachwa

Kanuni ya Mtakatifu Gregori ina upande wa pili: sanamu ziharibiwe. Mila inayotutaka tuwaogope marehemu na kuwatuliza kwa damu haipatani na imani yetu. Marehemu tunawaombea, tunawatolea Misa, tunapalilia makaburi yao, tunawataja majina mbele ya watoto. Hiyo ndiyo heshima yao.

Lakini sanamu za siku hizi aghalabu si za babu zetu; ni zetu wenyewe. Ulevi ni mmoja. Mbege na ndizi za wazee zilikuwa kinywaji cha kikao. Si halali kuzigeuza kuwa sababu ya mama kulala nje na watoto wake usiku wa Noeli. Mashindano ni mengine: ndugu mwenye gari kumdharau aliyekuja kwa basi, au ukoo kumtoza kijana asiye na kazi mchango uleule anaotozwa tajiri. Na deni ni la tatu. Januari shule hufunguliwa. Kuna sare, madaftari, na ada kwa wanaolipa. Baba anayekopa ili aonekane Desemba, mtoto wake ndiye alipaye Januari. Hori la Bethlehemu halikuwa na deni.

Wasioweza kurudi

Tusiwasahau wale ambao hawatasafiri: muuguzi wa zamu, mlinzi, dereva, askari, na yule asiye na nauli. Wengi wao huona haya, wakidhani Noeli ya mjini si Noeli. Mariamu na Yosefu nao siku ile hawakuwa kwao Nazareti. Wapolandi wana desturi ya kuacha nafasi moja tupu mezani jioni ya tarehe 24 Desemba, kwa ajili ya mgeni asiyetazamiwa. Desturi hiyo yafaa sana katika miji yetu. Jamaa iliyobaki mjini na iweke sahani moja zaidi, na isingoje mgeni abishe hodi, bali imtafute katika chumba cha jirani.

Na kwa kuwa leo simu imefika karibu kila kijiji, baba asiyeweza kwenda asitume fedha tu. Awakusanye watoto, ampigie babu au bibi, amwombe awasimulie Noeli ya utoto wake ilivyokuwa, kisha awabariki wajukuu kwa sauti yake. Fedha zitakwisha kabla ya mwaka. Baraka ile watoto wataibeba maisha yao yote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Somo hili halitafaa kitu likibaki gazetini. Wazazi na wakae na watoto jioni moja ya Majilio, wajibu pamoja maswali haya:

1. Ni mila ipi ya ukoo wetu ya upatanisho au ya kugawana, ambayo watoto hawaijui bado? Nani atawafundisha?
2. Ni mila ipi mpya, moja tu, tutakayoianza mwaka huu na kuishika kila mwaka?
3. Yuko nani katika ukoo ambaye hatusemi naye? Nani atamwendea kwanza, na lini?
4. Tumetenga kiasi gani kwa sikukuu, na kiasi gani kwa Januari?
5. Nani atakaa katika nafasi tupu ya meza yetu?

Jamaa itakayoyajibu kwa uaminifu, hata kama chungu chake kina maharage matupu, itakuwa na Noeli ambayo watoto wataisimulia. Tunawatakieni nyote, mlio vijijini na mlio mijini, Noeli yenye amani.