KUZIMA SI KUCHOMOA
Somo la kutunza na kutengeneza deki ya video nyumbani



Leo tunajifunza kuhusu deki ya video. Ziko nyumba Bukoba, Muleba na hata hapa kisiwani Bumbire ambazo bado zina deki juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Kando yake kuna kaseti chache. Moja ni ya harusi, nyingine ya ubatizo, nyingine ya mazishi ya mzee wa ukoo.

Deki za aina ya VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Kwetu Tanzania, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo kabla ya hapo, mtu wa Bara aliyekuwa na televisheni mara nyingi aliitumia kutazama kaseti za video. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki hizi, Funai ya Japani, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Maana yake ni hii: deki uliyo nayo ikifa, dukani hakuna mpya. Na bila deki, kaseti ya harusi ni kisanduku cha plastiki tu.

Ndiyo sababu watu wanashika bisibisi na kufungua wenyewe. Si vibaya kufungua. Vibaya ni kufungua bila kujua. Deki inaweza kupona na wewe ukaumia. Hebu tusikilize mazungumzo haya ya babu na mjukuu wake.

Mjukuu: Babu, deki nimeshaizima. Sasa nifungue?
Babu: Umeizima au umeichomoa?
Mjukuu: Nimeizima, Babu. Nimebonyeza hapa mbele. Si ni mamoja tu?
Babu: Hebu angalia pale mbele. Unaona nini?
Mjukuu: Naona namba za saa.
Babu: Hizo namba zinawashwa na nini?
Mjukuu: Na umeme… Ala! Kumbe umeme bado umo ndani!
Babu: Basi chomoa plagi, mjukuu wangu. Kisha uiweke mahali unapoiona kwa macho.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Kuzima si kuchomoa. Ukibonyeza swichi ya mbele, picha inaondoka lakini umeme unabaki ndani. Ni mpaka plagi itoke kwenye soketi. Hata kama umeme umekatika, au jenereta imeishiwa mafuta, chomoa. Jirani anaweza kuwasha jenereta wakati mikono yako imo ndani ya deki.

HATARI INAYOJIFICHA

Sasa basi, umechomoa. Je, hatari imekwisha? Bado.

Ndani ya deki kuna sehemu inayopokea umeme kutoka ukutani. Humo mna vyombo vidogo kama vikopo. Mafundi huviita kapasita. Kapasita inaweka umeme kama mtungi unavyoweka maji. Ukifunga bomba, maji ya mtungini hayaishi palepale. Katika deki nyingi, kapasita kubwa inaweza kuwa na umeme wa zaidi ya volti 300, na kubaki nao kwa muda baada ya kuchomoa. Umeme huo unaweza kukurusha, kukuunguza au kukuua.

Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. Kwanza, baada ya kuchomoa tunangoja nusu saa. Pili, hata baada ya nusu saa, hatugusi kabisa sehemu ile ya umeme. Utaitambua kwa kufuata waya wa plagi. Pale waya unapoingia, ndipo ilipo. Wengine hugusisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ili kumwaga umeme. Usiwaige. Cheche zinaruka na vyuma vinaweza kukurukia machoni. Sehemu hiyo ni ya fundi aliyesomea.

Na televisheni ya kichogo je? Hiyo usiifungue kabisa. Kioo chake kinaweza kuhifadhi maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa.

KWA NINI DEKI ZETU ZINAUGUA

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna maadui wetu.

Adui wa kwanza ni wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Usiku wanafuata taa, wanaingia katika matundu ya deki na kufia humo. Mende na sisimizi nao hupenda joto la deki.

Adui wa pili ni unyevu. Umesafirisha deki usiku kwa mtumbwi, imepoa. Unaiingiza katika chumba chenye joto na watu wengi. Umande unashika vyuma vya ndani, kama unavyoona kwenye chupa ya soda baridi. Ukiweka kaseti palepale, mkanda unagandamana na chuma na kukatika. Iache deki ipumzike saa mbili au zaidi, na kaseti vilevile.

Adui wa tatu ni umeme usiolingana. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Deki iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani huandikwa volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Hapo ndipo utaona faida ya kujua kusoma! Jenereta nazo nyingine hupanda na kushuka. Washa jenereta kwanza, itulie, ndipo uchomeke deki. Na jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na imekwisha kuua watu waliolala nayo ndani.

KAZI UNAYOWEZA KUFANYA MWENYEWE

Ugonjwa wa kawaida wa deki ni picha kujaa chengachenga au mistari. Mara nyingi hedi zimechafuka. Hedi ni vipande vidogo sana vilivyo kwenye ngoma ya chuma inayong'aa, iliyolala upande kidogo. Deki ikicheza, ngoma hiyo inazunguka mara 25 kwa sekunde, na hedi zinasoma picha kutoka kwenye mkanda. Uchafu kidogo tu unazifumba macho.

Tayarisha bisibisi ya nyota, brashi laini, karatasi nyeupe safi na spiriti safi ya kusafishia vyombo vya umeme. Usitumie spiriti yenye rangi wala iliyochanganywa na maji mengi. Fanya kazi mchana, karibu na dirisha. Spiriti inashika moto upesi, kwa hiyo koroboi, karabai na sigara vikae mbali. Watoto nao wakae mbali.

Fuata hatua hizi:

1. Toa kaseti. Zima. Chomoa plagi. Chomoa pia waya wa antena na wa televisheni.

2. Ngoja nusu saa.

3. Fungua skrubu za kifuniko. Ziweke katika kisahani zisipotee. Inua kifuniko polepole.

4. Ondoa vumbi na wadudu kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Kumbuka kutogusa sehemu ya umeme.

5. Lowesha kipande cha karatasi kwa spiriti kidogo. Kiweke ubavuni mwa ngoma na ukishikilie kwa kidole, bila kukandamiza. Kwa mkono mwingine zungusha ngoma polepole kwa kuishika juu. Ngoma ndiyo izunguke, karatasi itulie. Badilisha karatasi ikichafuka.

6. Usisugue juu na chini hata mara moja! Hedi ni dhaifu kuliko ganda la yai. Usitumie pamba, kwa maana nyuzi zake zinanasa hedi na kuzivunja.

7. Futa pia vyuma vyote ambavyo mkanda unapita, na gurudumu dogo la mpira linalouvuta mkanda.

8. Acha ikauke nusu saa. Rudisha kifuniko na skrubu zote. Ndipo uchomeke. Deki iliyo wazi haichomekwi.

9. Jaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali. Ikicheza vizuri mpaka mwisho, ndipo uweke ile ya harusi.

Jambo jingine: usitie mafuta ya kula, ya nazi wala ya cherehani. Mafuta yanatiririka hadi kwenye mpira na mkanda, na deki inaharibika zaidi.

KASETI IKINASA

Hapa tuseme kweli, sisi wenyewe tumewahi kukosea. Kaseti ya harusi ya ndugu ilinasa. Tukaona haraka, tukavuta. Mkanda ukatoka umekunjamana kama utumbo wa samaki, kisha ukakatika. Kipande kilichoharibika ndicho alichokuwa akizungumza mzee wetu, akiwausia maarusi. Mzee alikwisha fariki. Sauti yake tulikuwa nayo pale tu. Mpaka leo, wenye harusi yao hawajatulaumu kwa maneno, lakini sisi tunajua tulichowapotezea.

Kwa hiyo usivute. Chomoa, ngoja, fungua kifuniko. Tafuta mahali mkanda ulipozungukia, uuondoe taratibu kwa kushika kingo zake. Jasho la vidole huuharibu. Ukiwa huru, urudishe ndani ya kaseti kwa kuzungusha gurudumu la kaseti kwa mkono. Ukikataa, acha. Peleka deki kwa fundi pamoja na kaseti ndani yake. Afadhali kaseti ivuke ziwa ikiwa imenasa kuliko ibaki nyumbani imekatika.

Kabla ya kuweka kaseti ya zamani, chungulia mkanda wake. Ukiona unga mweupe pembeni, hiyo ni kuvu. Usiicheze, maana itaichafua deki, na deki itazichafua kaseti nyingine. Kaseti nzima zirudishwe mwanzo, zisimamishwe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na spika. Sumaku ya spika inaweza kufuta picha.

HAPA NDIPO UKOMEE

Funga kifuniko na umtafute fundi wa Muleba mjini au Bukoba ukiona moja ya mambo haya:

– Deki inatoa harufu ya kuungua au moshi.
– Kapasita imevimba au imevuja.
– Waya wa plagi umeliwa na panya.
– Fyuzi imekatika, umeweka nyingine ya namba ileile nayo imekatika.

Usifunge waya wala karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi ni askari. Inakufa ili nyumba isiungue. Ukimwondoa askari, moto utaingia mpaka kitandani.

Na mtu akipigwa shoti, usimshike! Zima jenereta au swichi kubwa kwanza. Kama huwezi, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akikimbilia kituo cha afya. Hata akiamka na kusema ni mzima, apelekwe akapimwe.

NENO LA MWISHO

Deki ikipona, usikae ukishangilia tu. Hujui itaishi mpaka lini. Peleka kaseti zako za ukoo kwa fundi mwenye kompyuta, azihamishie kwenye flashi. Fanya nakala mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Hivyo wajukuu watamwona bibi yao akicheza ngoma, hata deki ikiwa imekwisha kuwa kiota cha kuku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunasema kuzima si kuchomoa?
2. Kwa nini tunangoja nusu saa kabla ya kufungua deki?
3. Tunaposafisha hedi, kipi kinazunguka na kipi kinatulia?
4. Deki imeandikwa volti 100. Utafanya nini?
5. Katika kijiji chenu, nani ana kaseti ya zamani ya ukoo? Mtamsaidiaje isipotee?