Mto wa Sindano na Vitu vya Kuujaza

Katika Pemba wako watu washonao kofia za viua kwa mkono, na kofia moja huchukua siku nyingi. Sindano ikishika kutu hutia doa katika kitambaa cheupe, na kazi yote huharibika. Tena sindano iliyoachwa mkekani huchoma mguu wa mtoto. Kwa hiyo yampasa mshonaji kuwa na mto mdogo wa kuchomekea sindano, na jambo kubwa ni kitu kilichomo ndani yake.

Mchanga wa pwani haufai: una chumvi, nayo huvuta unyevu wa hewani, hasa wakati wa masika. Pamba nayo hunywa maji. Sufi ni bora, kwa kuwa nyuzi zake zina nta, wala hazinywi maji upesi. Ndiyo maana zamani zilijazwa katika maboya ya kuokolea watu baharini. Manyoya ya kondoo yafaa pia kwa ajili ya mafuta yake.

Twaa vipande viwili vya kitambaa kizito, kila kimoja nusu shibiri. Vishone pande tatu, kisha upindue. Chambua mbegu za sufi, uianike juani, uishindilie mpaka mto uwe mgumu. Maana katika mto laini sindano huzama isionekane. Mwisho shona mdomo.

Maswali:
1. Kwa nini mchanga wa pwani haufai?
2. Sufi yaishinda pamba kwa nini?
3. Mto laini una hasara gani?