Stelingi Hafi, Lakini Je, Analala?

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalipenda: picha za vita.

Wewe mwenyewe unazijua. Jumamosi jioni banda la video limejaa, DJ anatafsiri kwa Kiswahili cha mtaani, risasi zinamiminika kama mvua ya masika, na kila mtu anajua kwamba stelingi hafi. Siku hizi wengi mnaangalia kwenye simu, lakini mambo ni yale yale. Sikuja kukukataza. Hata mimi nazipenda tangu utotoni. Nataka tu kukueleza kilichonifanya nianze kuziangalia kwa jicho lingine.

Usiku ule bwaloni

Nilipokuwa kidato cha pili, tulionyeshwa picha ya vita bwaloni. Benchi la mbele yetu alikaa kaka mmoja wa kidato cha tatu, ambaye alikimbia vita katika nchi jirani akiwa mdogo. Mabomu yalipoanza aliziba masikio, akainama, kisha akatoka nje mbio. Mtu akapiga kelele, "Mwoga huyo!" Bwalo zima likacheka. Nami nilicheka.

Nilipotoka kwenda chooni nilimkuta amechuchumaa nyuma ya tangi la maji. Anatetemeka, jasho linamtoka, na usiku ule ulikuwa wa baridi. Sikujua la kusema, nikapita. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Kumbe ile hali ina jina

Nilipofika chuo ndipo nilipojifunza kwamba ile hali inaitwa kiwewe. Mtu akipitia jambo la kutisha, mwili wake unaweza kubaki kama mlinzi asiyepumzika. Sauti, harufu au picha tu inatosha kumrudisha kwenye tukio, akaliona kana kwamba linatokea sasa hivi. Moyo unadunda, pumzi inabana, miguu inataka kukimbia. Huo si woga, wala hajarogwa. Wataalamu wa Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa huu katika orodha yao ya magonjwa ya akili mwaka 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam kumalizika.

Machozi ya Rambo

Sasa mchukue Rambo. Nani asiyemjua? Hata mifuko ya plastiki tuliipa jina lake. Lakini je, unaikumbuka picha ya kwanza, First Blood, ya mwaka 1982? Rambo amerudi kutoka Vietnam. Anamtafuta rafiki aliyepigana naye, anaambiwa amekwisha kufa kwa saratani. Polisi wa mji mdogo wanamkamata na kutaka kumnyoa kwa nguvu. Akiuona wembe, akili yake inarudi kwenye mateso aliyopata akiwa mateka. Hapo ndipo vurugu inapoanza.

Na mwisho wake? Rambo analia. Analia kwa kwikwi mbele ya kamanda wake wa zamani, akimsimulia habari za mwenzake aliyeuawa kwa bomu. Sisi tulikariri bunduki na misuli, machozi tukayasahau. Kwa maoni yangu, yale machozi ndiyo picha yenyewe.

Filamu iliyofungiwa

Zipo pia filamu za hali halisi, ambazo wanaoonekana ni watu wenyewe, si waigizaji. Mwaka 1946 John Huston alitengeneza moja kwa ajili ya jeshi la Marekani, iitwayo Let There Be Light. Inaonyesha askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili wakitibiwa hospitalini. Mmoja hawezi kutembea ingawa miguu yake haina jeraha. Mwingine amepoteza kumbukumbu. Jeshi liliizuia isionyeshwe kwa umma kwa zaidi ya miaka 30. Jiulize: mbona mabomu yaliruhusiwa kuonyeshwa, lakini askari anayelia akazuiwa?

Katuni nazo?

Usidhani katuni ni za watoto tu. Mwaka 1943 kampuni ya Disney ilitoa Der Fuehrer's Face, ambamo bata Donald anafanyishwa kazi katika kiwanda cha silaha cha Hitler mpaka anachanganyikiwa. Inachekesha kweli, na ilipata tuzo ya Oscar. Lakini humo humo sura ya Mjapani imechorwa kwa dhihaka. Wajapani nao, mwaka 1945, walitoa katuni ya Momotaro kwa agizo la jeshi lao la majini, na humo Waingereza wana pembe kama mashetani. Ujanja ni ule ule: mfanye adui asiwe mtu, ili kumuua kusiume. Huku kwetu tunajua mwisho wa ujanja huo. Nchini Rwanda mwaka 1994, redio iliwaita watu mende.

Ukitaka katuni inayosema kweli, tafuta Grave of the Fireflies ya Japani, ya mwaka 1988. Ni habari ya kaka na mdogo wake wa miaka 4 ambao mama yao ameuawa kwa mabomu mwaka 1945. Mtoto yule hauawi kwa risasi, anakufa kwa utapiamlo. Humo hakuna stelingi. Lakini usiiangalie usiku ukiwa peke yako.

Ufanye nini?

Mwenzako akishtuka au kutetemeka, usimcheke na usimshike ghafla. Zungumza naye polepole, mwambie yuko wapi na kwamba yuko salama. Mwombe apumue taratibu. Kaa naye. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata.

Kama ni wewe unayeota ndoto mbaya, unashtuka ovyo, unakasirika bila sababu au unakwepa watu, na hali hiyo imepita mwezi mmoja, usinyamaze. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au patroni, au nenda kituo cha afya. Sema tu, "Silali vizuri." Wataalamu watakusaidia, kwani kiwewe kinatibika.

Na ukiwa nyumbani na wadogo zako, usiwawekee mauaji kabla ya kulala.

Jadilini na wenzako

1. Katika picha ya vita uliyoiona mwisho, nani aliumia bila kutoka damu?
2. Adui alikuwa na jina, mama, au watoto?
3. Darasani kwenu akitoka mtu nje wakati wa picha, nani atamfuata?

Hilo la tatu ndilo lililonishinda mimi. Wewe lisikushinde.