Laptopu inazimazima? Usikimbilie kupiga window upya

Leo tuongelee ile laptopu inayozima yenyewe wakati una oda kumi hazijafungwa na wateja wanauliza mzigo uko wapi.

Wengi wetu laptopu ndiyo ofisi. Picha za bidhaa, orodha ya oda, nani kalipa, nani bado, vyote vimo humo. Ikianza kusumbua, ushauri wa kwanza utakaousikia ni "piga window upya, itakaa sawa". Kuna wakati inasaidia kweli. Ila kama shida ni joto au memori, utapiga window leo na kesho inazima tena, hela imeshaenda. Na kama mafaili hayakutolewa kwanza, orodha ya madeni nayo imeenda.

Twende kwa mpangilio.

1. OKOA MALI KWANZA
Kabla ya kupima chochote, hamishia picha, oda na hesabu zako kwenye flashi au diski ya nje. Bando likiruhusu, weka na Google Drive. Ukisikia diski inagonga tiki tiki, toa yale ya muhimu tu, zima, peleka kwa fundi. Diski inayokufa, kila ukiiwasha unaimalizia.

2. ANDIKA INAZIMA LINI
Chukua daftari. Kwa siku tatu andika saa, ulikuwa unafanya nini, ilikuwa kwenye chaja au betri. Utaanza kuona tabia yake:
- Inazima ghafla ukihariri video, chini kunachoma, feni inapiga kelele: shuku joto.
- Umeme ukikatika tu, nayo inazima hapohapo: betri imechoka.
- Inaleta skrini ya buluu yenye maandishi (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi): ipige picha kwa simu haraka. MEMORY_MANAGEMENT mara nyingi huelekeza kwenye memori, yaani RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR huelekeza kwenye vifaa vya ndani. Hiyo siyo hukumu, ni pa kuanzia tu.
- Ilianza baada ya kuweka programu mpya: anza na hiyo programu.

Ilizima hukuwepo? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utaona siku kwa siku, na alama nyekundu pale ilipogoma.

3. JARIBU KIMOJA KIMOJA
Joto: itumie mezani, siyo juu ya godoro au mto, maana matundu ya hewa yanazibwa. Kama bado inachoma, fundi asafishe vumbi la feni na apake upya dawa ya kupozea prosesa.
Memori: funga kazi zako zote, bonyeza Windows na R, andika mdsched. Kompyuta itajiwasha upya na kujipima yenyewe. Ikileta kosa na ndani kuna RAM mbili, fundi atoe moja, mjaribu na iliyobaki, kisha mbadilishane.
Programu: ondoa ile uliyoweka mwisho.

Baada ya kila badiliko itumie siku moja au mbili kabla ya kugusa kingine. Ukibadili vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kimetibu, na utalipia vyote.

4. NENDA KWA FUNDI NA MAELEZO
Ukimwambia fundi "inazima tu", ataanza kubahatisha kwa hela yako. Mwambie hivi: "Inazima baada ya dakika 20 nikihariri video, chini inachoma, memori nimepima iko sawa." Hapo ataanzia kwenye feni. Muoneshe na zile picha za skrini. Na kabla hajafungua hata skrubu moja, muulize: "Mafaili yangu yatakuwa wapi wakati unafanya kazi?" Window upya iwe hatua ya mwisho, mafaili yakiwa tayari mkononi mwako.

Laptopu nyingine utanunua, hata kama ni ya mtumba. Orodha ya wanaokudaiwa haiuzwi duka lolote. Kama bado hujahamisha, fanya leo kabla hujafunga duka.