Jengo la Kijani Kuliko Lipi? Lugha ya Ithibati katika Mabweni ya Wanafunzi

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nilipanga chumba katika bweni moja la kibinafsi ambalo sitalitaja jina. Langoni palikuwa na bango lenye picha ya jani na chini yake maneno "Makazi ya Kijani". Kodi ilipopandishwa tuliambiwa kuwa ukijani huo una gharama yake. Wakati huo huo ujia wa ghorofa yetu ulikuwa na giza hata saa sita za mchana, taa zikawaka kutwa. Na bomba la bafuni lilimwaga maji kwa kasi asubuhi kisha likakauka hadi jioni. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, tuliozoea kubishana usiku kucha juu ya maana ya neno moja, hatukuwa na swali hata moja la kumwuliza mwenye nyumba.

Makala haya yanashughulikia kimya kile. Hoja yangu ni kwamba ithibati ya jengo ni sentensi, na sentensi hiyo ina kiima, njeo na mlinganisho ambavyo msomi wa Kiswahili anaweza kuvichunguza kwa sarufi ile ile aliyofunzwa darasani.

Neno "kijani"

Kijani ni neno la rangi, na asili yake ni jani. Lugha yetu ilikuwa pia na "chanikiwiti", neno ambalo wengi wa rika langu hulikuta kwenye kamusi tu. Maana ya "kisichodhuru mazingira" imetufikia kwa njia ya tafsiri, na sina ugomvi nayo. Lugha hukua hivyo. Tatizo ni kwamba rangi huonwa kwa macho, ilhali sifa inayodaiwa hapa hupimwa kwa hesabu. Jengo linaweza kuzungukwa na nyasi na miti na bado likafuja maji na umeme. Kwa sababu hiyo napendekeza tutofautishe "jengo la kijani", ambalo ni sifa anayoweza kujipa yeyote, na "jengo lenye ithibati ya kijani", ambalo limechunguzwa na mtu asiye mwenye jengo. Nimechagua "ithibati" badala ya "cheti" kwa kuwa cheti ni karatasi. Ithibati ni ushahidi ulioko nyuma ya karatasi hiyo.

Kuliko nini?

Hapa Kenya mfano ulio karibu zaidi nasi ni mabweni ya Qwetu na Qejani yanayojengwa na kampuni ya Acorn jijini Nairobi. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa kuuza hatifungani ya kijani, ya kwanza nchini, iliyoorodheshwa Januari 2020 katika masoko ya hisa ya Nairobi na London. Majengo yaliyokusudiwa yalipaswa kufikia kiwango cha EDGE, mfumo wa ithibati ulioanzishwa na IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia. (Kwa kupita tu: alfabeti ya Kiswahili sanifu haina herufi q, na "keja" ni nyumba kwa Sheng. Majina ya mabweni yamekuja kutuzungumzia kwa lugha yetu. Istilahi za ithibati bado hazijafika.)

EDGE hudai jengo liokoe angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Yote matatu ni lazima. Mfumo wa Marekani wa LEED, kwa kulinganisha, hujumlisha alama, hivyo upungufu wa upande mmoja unaweza kufidiwa upande mwingine.

Lakini asilimia 20 kuliko nini? Kivumishi cha Kiswahili hakina umbo la ulinganishi. Hatuwezi kunyambua "-dogo" tukapata "dogo zaidi" ndani ya neno moja; hatuna budi kuongeza "kuliko" na kukitaja kitu cha pili. Wengi huona huu kuwa upungufu wa lugha. Katika suala hili naona ni faida kubwa. Tangazo lisemalo "bweni letu linaokoa maji" linamwacha msikilizaji wa Kiswahili akingoja nusu ya pili ya sentensi. Katika EDGE nusu hiyo ipo: ni jengo la kukadiriwa, la aina ile ile na mahali pale pale, lililojengwa kwa desturi ya kawaida. Nimeliita "jengo la mlinganisho". Neno "msingi", ambalo baadhi yetu hulipendelea, linachanganya, kwani kila jengo lina msingi wake ardhini.

Istilahi iliyonisumbua zaidi ni ya vifaa. Kinachopimwa ni nishati iliyotumika kuvitengeneza, iwe imehesabiwa kama nishati, ilivyozoeleka mwanzoni, au kama kaboni inayotokana nayo. Nilijaribu "nishati iliyomo". Mwenzangu mmoja akaniuliza kama basi ukuta unaweza kuchaji simu. Alikuwa na haki. Saruji huchomwa katika tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1450 za Selsiasi. Joto hilo limekwisha, halimo tena ukutani. Jiwe la kuchonga la machimboni halichomwi, linakatwa tu. Sasa natumia "nishati ya utengenezaji", japo haina mvuto wa kishairi.

Kiima na njeo

EDGE ina hatua mbili. Ithibati ya awali hutolewa kwa kukagua michoro. Ya mwisho hutolewa baada ya ujenzi, mkaguzi akiwa amefika na kuona. Kwa hiyo "jengo limeithibitishwa" ni sentensi yenye makosa mawili inapotamkwa katika hatua ya kwanza. Kosa la kiambishi, yaani "limeithibitishwa" badala ya "limethibitishwa", nimewahi kulisoma katika tangazo na ni dogo. Kosa la kiima ni zito: kilichothibitishwa ni michoro. Mpangaji anayesikia "-me-" huamini kitendo kimekamilika, na hutoa kodi kwa imani hiyo.

Hata ithibati ya mwisho huhusu jengo, haihusu wakaaji. Husema mabomba ni ya kubana maji, madirisha yana vivuli, taa hutumia umeme kidogo. Haisemi ni wangapi wanaotumbukiza koili ndooni kila alfajiri. Jambo hilo husomwa kwenye mita.

Mtu asidhani msamiati wa nyumba isiyofuja ni mgeni kwetu. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, daka mlangoni, na kiwanda, yaani ua wa ndani unaoingiza mwanga na hewa. Mwanafunzi wa leo akisikia "kiwanda" hufikiria moshi. Ujia wa ghorofa yetu ungekuwa na kiwanda pembeni yake, zile taa zingezimwa mchana kutwa, na tungejua kumwuliza mwenye nyumba: ni michoro iliyothibitishwa au ni jengo, na jani lile langoni ni la kijani kuliko lipi?